Jumamosi moja au mwaka mzima? Njia nne za kujitolea kwa mpenda ndege wa Unguja na Pemba

Mtu anayependa ndege na maumbile hapa Zanzibar hakosi cha kufanya. Taabu yake ni kuchagua. Januari kuna wanaohesabu ndege wa pwani. Julai zinaanza kupita taarifa za kupanda mikoko, na Septemba za kusafisha fukwe. Mwaka mzima kuna kamati za misitu vijijini ambazo kila siku zina upungufu wa watu, na kuna walimu wa skuli wanaotafuta mtu wa kuja kuzungumza na watoto. Mwenye kazi ya ajira, watoto nyumbani na Jumapili moja ya kupumzika hawezi kushika vyote, na akijaribu atachoka kabla ya masika.

Tunapima kwa nini

Njia zote nne nimezipitisha kwenye maswali matano yale yale. Muda: ni siku moja au ni kazi ya kurudi tena na tena, na saa zake anapanga nani? Gharama: nauli, vifaa, chakula cha mchana. Ujuzi: unaweza kwenda mikono mitupu, au sharti ujifunze kwanza? Faida kwa ndege: ukishaondoka, kuna kilichobadilika? Na la mwisho, inamfaa nani.

Swali la nne ndilo tunalolikwepa. Shughuli nyingi za mazingira husifiwa kwa idadi ya waliohudhuria na fulana zilizogawiwa. Hakuna ubaya kwenda kwa sababu ya fulana, ila ujue umekwenda kwa sababu hiyo.

1. Kuhesabu ndege wa pwani

Kila Januari hufanyika sensa ya ndege wa majini katika nchi nyingi duniani, kazi inayoratibiwa na Wetlands International na iliyoanza 1967. Kwetu Januari ni mwezi mzuri: kaskazi inavuma na ndege wageni wote wako pwani. Wapo sululu, wapo vitwitwi wa kila aina kutoka Siberia na Asia ya Kati, na yupo yule mweupe kwa mweusi mwenye mdomo mnene anayekula kaa, ambaye huzaliana huko fukwe za Arabuni kwa kuchimba shimo mchangani na kutaga humo. Nje ya sensa kuna Jumamosi ya pili ya Mei na Jumamosi ya pili ya Oktoba, ambazo ni Siku ya Ndege Wahamao Duniani na pia siku kubwa za kuhesabu kupitia eBird, programu ya simu na mtandao ambayo watu huingizia hesabu zao za ndege. Ukitaka kuchagua moja, chukua ya Oktoba. Mei masika hayajaisha na wageni wengi wameshakwenda zao. Oktoba ndiyo kwanza wanaingia.

*Muda.* Ni siku moja, lakini saa inapangwa na bahari. Siku za bamvua, mwezi unapoandama au unapokuwa mpevu, maji hupwa kabisa kwenye saa nne asubuhi na kujaa kwenye saa kumi jioni. Ukifika Chwaka saa nne utawakuta kinamama wa mwani na wavuvi wa pweza, na ndege ni vidoa tu kule mbali. Unachokitaka ni maji yanayojaa. Kuanzia saa saba mchana bahari inawasukuma ndege kuja ufukweni, wanazidi kubanana kwenye kipande cha mchanga kilichobaki, na kwa kuwa pwani hiyo inatazama mashariki, jua liko mgongoni mwako na rangi zinaonekana vizuri. Siku za maji mafu, ambapo kujaa na kupwa hakutofautiani sana, ndege hawasogei sana, na hesabu inakuwa ya kubahatisha.

*Gharama.* Nauli ya gari ya Chwaka, kofia, maji ya kunywa. Kikwazo ni darubini, maana nzuri si rahisi. Hata hivyo kikundi cha watu sita kinaweza kwenda na mbili au tatu za 8x42 (zinazokuza mara nane, lenzi ya mbele milimita 42) wakapokezana, na asiye na darubini akawa mwandishi. Mmoja anatazama na kutamka, mwengine anaandika bila kuinua kichwa. Kazi ya mwandishi watu huidharau, lakini hesabu nyingi huharibikia hapo.

*Ujuzi.* Hapa ndipo njia hii inapotofautiana na nyengine. Kundi la ndege mia tatu halihesabiwi mmoja mmoja. Unahesabu kumi, unaangalia kumi hao wamechukua nafasi kiasi gani, kisha unakipeleka kipimo hicho juu ya kundi zima: kumi, ishirini, thelathini. Wakiwa wamelala wamebanana, kumi ni nafasi ndogo. Wakiwa wanakula wanatawanyika, na kipimo unakianza upya. Ukimaliza unarudia kutoka upande wa pili wa kundi. Hesabu mbili zikipishana sana, usichukue ya katikati. Hesabu mara ya tatu. Usiyemjua unamwandika "kitwitwi, hajatambulika." Kumpachika jina la kubahatisha ni vibaya kuliko kumwacha bila jina, kwa sababu mwakani mtu ataliamini. Andika pia saa mliyoanza, dakika mlizokaa na umbali mliotembea, la sivyo takwimu zenu hazilinganishiki na za mwaka mwengine.

Si lazima uanze pwani. Dimbwi la Bwawani pale mjini na mabonde ya mpunga ya Cheju yana yangeyange, korongo na mdiria, na aina zake ni rahisi kuzizoea kabla hujakutana na vitwitwi, ambao wakati wa kaskazi karibu wote ni wa rangi ya majivu.

*Faida kwa ndege.* Siku hiyo huioni. Bibi mmoja aliyekuwa akitoka pwani na ndoo ya kombe alisimama akatutazama kitambo.

"Wanangu, mnawahesabu hao, mnataka kuwauza?"

"Hapana bibi. Twataka tujue mwakani kama wamepungua."

"Wamepungua. Zamani hapa wakitua pote panakuwa peusi."

Bibi ana kumbukumbu ambayo hakuna aliyeiandika, na penye mjadala wa kujenga hoteli au kuhifadhi eneo la pwani, kumbukumbu isiyoandikwa haiwekwi mezani. Hiyo ndiyo faida ya daftari lako, ila linahitaji miaka. Hesabu ya mwaka mmoja inasema kidogo sana.

*Anayefaa.* Mtu mwenye subira, anayependa kujifunza majina, asiyeona haya kusema "simjui." Mtoto wa miaka minne atakuchosha.

2. Kupanda mikoko na kusafisha ufukwe

Nimeziweka pamoja kwa sababu mara nyingi waandaaji na wahudhuriaji ni wale wale. Tarehe 26 Julai ni Siku ya Kimataifa ya Mikoko, na Jumamosi ya tatu ya Septemba ni ya kusafisha fukwe, desturi iliyoanzia Marekani mwaka 1986. Katikati ya hapo shehia, vikundi vya vijana na mahoteli huandaa zao.

*Muda.* Nusu siku, na ukimaliza umemaliza. Kupanda kunataka maji yawe yametoka, kwa hiyo siku zilizopangwa vizuri huangukia kwenye bamvua, asubuhi. Zilizopangwa vibaya humsubiri mgeni rasmi. Yeye akifika saa tano na hotuba zikaisha saa sita, watu wanapanda huku maji yapo magotini.

*Gharama.* Karibu hakuna. Chukua glavu na gunia. Usivae kandambili, matope ya mikoko yatazimeza zote mbili. Vaa viatu vya zamani vya kufunga.

*Ujuzi.* Wewe huhitaji, lakini anayekuongoza lazima awe nao. Tunda refu la mkoko huchomekwa moja kwa moja kwenye matope, ncha chini, na hata mtoto wa darasa la tatu anaweza. Shida iko kwenye kuchagua pahala. Mikoko ina aina zake: mlilana hukaa mbele, upande wa bahari. Mkandaa hukaa nyuma zaidi. Ukipanda mkoko pahala ambapo haujawahi kuota, mara nyingi kuna sababu ya kutoota: maji yanakaa muda mrefu mno, mawimbi ni makali, au mbuzi wanapita.

Kuna na hili ambalo mpenda ndege anapaswa kulijua kuliko mtu mwengine yeyote. Ule uwanda wa matope mtupu unaoonekana kama ardhi iliyokaa bure ndio meza ya sululu na vitwitwi. Wanachokula kimo ndani ya matope hayo, minyoo na kaa wadogo, na wanahitaji uwazi ili wamwone adui akija. Ukiujaza mikoko, hata ikishika vizuri, umewanyang'anya pa kulia. Mikoko irudishwe palipokatwa mikoko, na uwanda ubaki uwanda. Vivyo hivyo kwenye majani ya bahari. Nimemwona mwandaaji mmoja akisifiwa kwa picha nzuri ya miche iliyopandwa juu ya majani ya bahari, pahala ambapo samaki wadogo hujificha. Miche yenyewe haikukaa.

Kwa hiyo kabla ya kuweka jina lako, uliza maswali mawili tu: "Mwaka jana mlipanda wapi?" na "Imesalia mingapi?" Anayefuatilia atakujibu hata kama idadi ni ndogo. Asiyefuatilia atakuambia waliopanda walikuwa wangapi.

*Faida kwa ndege.* Mikoko iliyopandwa pahala pake huwapa mdiria na korongo pa kukaa na samaki pa kukulia. Usafi wa ufukwe una faida ambayo watu hawaifikirii, nayo inapitia kwa kunguru. Kunguru huyu tuliyemzoea si wa hapa. Aliletwa Unguja kutoka Bara Hindi miaka ya 1890 ili ale taka za mji, akazila, akazaana, na sasa anakula pia mayai na makinda ya ndege wengine. Taka zilizoachwa ufukweni na mitaani ni chakula chake. Gunia la mabaki ya vyakula lililofika jaani badala ya kubaki nyuma ya banda la chipsi linamgusa kunguru kuliko kumrushia mawe.

Jambo moja la kuwa nalo macho: chukueni chupa, nyavu, kamba za mwani na ndara, lakini majani ya bahari yaliyotupwa na mawimbi yaacheni. Watu huyakusanya ili ufukwe upendeze kwa watalii, kumbe ndani yake mna vijidudu ambavyo vitwitwi huvitafuta.

*Anayefaa.* Familia, wanafunzi, wafanyakazi wa ofisi moja wanaotaka kufanya kitu pamoja, na yeyote ambaye hajui kwamba anapenda haya mambo mpaka ajaribu.

3. Kamati ya hifadhi ya msitu

Sheria ya misitu ya Zanzibar ya mwaka 1996 iliruhusu vijiji kuingia mikataba na serikali ya kusimamia misitu yao, mikataba inayojulikana kwa kifupi COFMA. Ndiyo maana shehia nyingi zenye msitu zina kamati. Eneo la Jozani, iliyotangazwa hifadhi ya taifa pamoja na Ghuba ya Chwaka mwaka 2004, kuna pia jumuiya ya wenye mashamba wa hapo, UWEMAJO. Pemba upande wa Konde kuna msitu wa Ngezi, na Kidike kuna kijiji kinachowalinda popo.

*Muda.* Hapa ndipo wengi huvunjika moyo. Kamati haihitaji mtu wa siku moja. Akija mara moja na kamera, wanapoteza muda wa kumtembeza. Wanahitaji mtu wa kuja kila mwezi, hata kama ni kwa saa tatu: kusafisha mpaka, kumwagilia kitalu, kuandika kumbukumbu za doria, kuandaa maombi ya fedha kwenye kompyuta. Hiyo ya mwisho ndiyo ambayo mtu wa mjini anaweza kuisaidia kamati kuliko kubeba panga.

*Gharama.* Nauli ya mara kwa mara. Kwa Jozani gari ya Jambiani au Makunduchi inakushusha mlangoni. Kwa Ngezi, mtu wa Unguja ahesabu boti na malazi, na hapo inakuwa kazi ya wakaazi wa Pemba zaidi kuliko yetu.

*Ujuzi.* Kujua watu. Huingii msituni kwa kupenda ndege, unaingia kwa sheha, kisha kwa kamati, na msitu wa serikali unataka ruhusa ya Idara ya Misitu. Mgeni kutoka nje ya nchi aanzie Uhamiaji, maana kujitolea nako kunahesabiwa kuwa ni kazi. Majina ya miti na ndege utafundishwa na wenyewe: mzee wa doria anamjua ninga kwa mlio kabla hujainua darubini.

*Faida kwa ndege.* Ndiyo kubwa na ya moja kwa moja kuliko zote nne, na sioni haya kusema hivyo. Pemba ina ndege wanne wasiopatikana pahala pengine duniani: bundi mdogo wa Pemba, ninga wa Pemba, chozi wa Pemba, na yule kijindege wa manjano mwenye duara jeupe jichoni. Watatu kati yao ukitembea mashambani huenda ukakutana nao, na hata bundi husikika kwenye mikarafuu, lakini miti mikubwa yenye matundu ya kutagia imebaki pachache, na Ngezi ni mojawapo. Mti mmoja mkubwa ukikatwa kwa mbao, hakuna mche wa Julai utakaoziba pengo hilo katika umri wako.

Na kwamba kamati za vijiji zinaweza kufanikiwa, ushahidi ni popo wa Pemba. Miaka ya 1990 alihesabiwa miongoni mwa wanyama walio katika hatari kubwa kabisa ya kutoweka; alikuwa akipigwa bunduki kwa ajili ya nyama, na misitu anayolala ilikuwa ikikatwa. Vijiji vikaanza kuzuia uwindaji, klabu za wapenzi wa popo zikaundwa, na idadi ikapanda tena. Haikuwa rahisi, kwa sababu popo huyo huyo anakula maembe na mashelisheli ya mtu, na mwenye mwembe naye ana haki ya kulalamika. Kazi ya kujitolea Kidike kwa kiasi kikubwa ni mazungumzo hayo. Nyengine ni kuwahesabu wakitoka kwenda kutafuta chakula, jambo linalofanyika jua likizama, kwa hiyo panga mapema utasali wapi magharibi.

*Anayefaa.* Mkaazi wa karibu, mstaafu, mwanafunzi wa chuo anayefanya utafiti, na mtu anayeweza kukaa kwenye mkutano wa saa mbili ambamo ndege hawakutajwa hata mara moja.

4. Klabu ya mazingira ya skuli

*Muda.* Saa moja kwa wiki mbili, wakati wa muhula. Likizo na Ramadhani husimama. *Gharama.* Chaki na nauli ya mjini. *Ujuzi.* Uwezo wa kuzungumza na watoto arobaini bila kupiga kelele. Ndege ishirini wa kawaida wanatosha kuanzia, na ruhusa ya mwalimu mkuu.

Kinachofanya kazi ni kidogo kuliko unavyodhani. Chagueni mti mmoja uwanjani, mwembe au mkungu, na kila mnapokutana wautazame dakika kumi kimya na kuandika waliotua. Wiki ya tatu watoto wanaanza kubishana kama chozi wa leo ni yule wa juzi, na hapo huhitaji tena kuwafundisha kutazama. Ziara ni nyongeza nzuri: Kisiwa cha Chumbe, ambacho ni hifadhi tangu 1994, kina mpango wa kupokea wanafunzi wa Zanzibar.

*Faida kwa ndege* ni ya kuchelewa, isipokuwa upande mmoja. Manati na ulimbo viko mikononi mwa hao hao watoto. Usiwakataze kwa hotuba. Mpe kiongozi wa wenye manati kazi ya kutunza daftari, ndiye anayejua viota vyote vya mtaa.

*Anayefaa.* Walimu, wazazi wenye mtoto skulini hapo, na anayeishi mjini asiye na njia ya kwenda shamba.

Kwa hali yako

Ukiwa hujawahi kushiriki chochote na una watoto, nenda na usafi wa ufukwe wa Septemba. Ni karibu, ni rahisi, na hakuna atakayekuuliza jina la ndege.

Ukiwa unafanya kazi Jumatatu hadi Ijumaa na unapenda kujifunza, anza kuhesabu. Tazama jedwali la maji la Oktoba sasa, ona Jumamosi ya pili imeangukia wapi. Ikiwa ni maji mafu, nenda Cheju au Bwawani badala ya pwani, na pwani uiweke Januari.

Ukiwa unaishi Pete, Kitogani, Konde au kijiji chochote chenye msitu, usiende mbali. Kumwona sheha ni hatua ya dakika kumi, na kamati itakupa cha kufanya wiki hiyo hiyo.

Ukiwa na taaluma ya uhasibu, ramani au kompyuta lakini miguu haikuruhusu kutembea matopeni, kamati ya msitu inakuhitaji kuliko wapandaji mia. Hilo linafanyika hata ukiwa Dar es Salaam au Muscat.

Ukiwa na hasira na kunguru, shughulikia taka za mtaa wako kabla ya kununua manati.

Ukiwa unakwenda Pemba kwa harusi na una usiku mmoja tu wa ziada, usiuite kujitolea. Zungumza na askari wa msitu wa Ngezi mchana, lipa kiingilio na kiongozi, mrudi usiku kumsikiliza bundi. Pesa hiyo ni mchango, na siku nyengine ukija kwa muda mrefu watakuwa wanakujua.